Jina la Mtoro

Mwalimu Skolastika Bukuru alikuwa barazani kwake Kasingirima, Ujiji, akipeta mchele, Jumatano moja ya mwezi wa pili, mwaka jana, pale mtu alipopiga hodi kwa sauti ya furaha kana kwamba ameleta posa. Akainua kichwa. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kanga kiunoni, ndala miguuni, na ndoo ya dagaa iliyokwisha kuuzwa yote.

"Shikamoo mwalimu! Hunikumbuki? Mimi Marcelina. Marcelina Gasper! Darasa la saba, mwaka elfu mbili na nne."

Ungo ukamtoka mwalimu mikononi na mchele ukatapakaa baraza zima. Marcelina akacheka, akaweka ndoo chini, akapiga magoti kuokota punje moja moja, huku akisema pole mwalimu, nimekushtua, pole sana. Naye mwalimu alikaa pale pale kwenye mkeka, mdomo wazi, asiweze hata kuitikia salamu.

Haya. Ili ujue kwa nini mwanamke wa miaka sitini na minne, mwalimu aliyeheshimika Ujiji nzima, amwage mchele kwa sababu ya jina tu, lazima turudi nyuma kidogo. Usichoke, si mbali.

Skolastika alizaliwa kijijini Simbo, nje ya Ujiji, kwa mkulima wa mihogo na michikichi, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa angeolewa huko huko akaishia kukamua mawese. Lakini mwaka sabini na saba serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mtoto wa nchi hii lazima aende shule, na ilipoamua hivyo ikajikuta ina watoto chungu nzima na walimu kiduchu. Ikafanyaje? Ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba jana na juzi, ikawapa chaki. Skolastika alikuwa na miaka kumi na saba. Asubuhi anafundisha, mchana anafundishwa namna ya kufundisha, jioni anaandaa somo la kesho kwa kibatari. Watu wa Ujiji nao kwa utani hawajambo! Wale walimu wa UPE, huo mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wakawasema kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mara ya kwanza Skolastika alilia. Mara ya pili aliwajibu sokoni, mikono kiunoni: "Mbona barua zenu mnaniletea mimi niwasomee?" Tangu siku hiyo wakamwacha.

Alikaa darasani miaka arobaini na mitatu, na kila tangazo la elimu lililotoka redioni lilimkuta akiwa ameshika chaki. Aliwafundisha wazee kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, wanaume wenye mvi wanashika kalamu kama jembe. Aliona ada inarudi, akaona madawati yanabaki matupu, mtoto mmoja mmoja anapotea kwa sababu ya shilingi ambazo kwao hazipo. Kisha mwaka elfu mbili na mbili ada ikafutwa tena, na watoto wakamiminika. Asubuhi moja alihesabu darasa lake, mia moja arobaini na watatu. Wengine walikaa juu ya matofali, wengine dirishani, na mwalimu mwenyewe alifundishia mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Alirudi nyumbani hana sauti, lakini anacheka. Alikuwa anaipenda kazi yake, jamani. Hilo asinyimwe.

Katika yote hayo alikuwa na mtoto mmoja tu, Evaline. Kabla yake zilitoka mimba tatu, na baada yake hakuna kitu. Mumewe, Eliakimu, karani wa mizigo bandarini Kigoma, alimpenda yule binti kupita kiasi, akampeleka shule nyingine karibu na bandari ili asifundishwe na mama yake akadekezwa. Mwaka elfu mbili na tatu Evaline akafanya mtihani wa darasa la saba. Majina ya waliochaguliwa sekondari yalipobandikwa, shule nzima walikuwa watano, na Evaline hayumo. Alifeli. Si malaria, si kuonewa; alifeli tu, kama watoto wengi walivyofeli miaka ile.

Hebu fikiria aibu. Binti wa mwalimu! Na sheria ilikuwa wazi: ukishafanya mtihani wa darasa la saba ukafeli, hakuna kurudia. Jina lako limekwisha kazi.

Lakini sisi tunajijua. Jina lako likiisha kazi, unatafutiwa la mwingine. Kila shule ilikuwa na watoro, watoto waliosajiliwa kisha wakaacha kuja, na majina yao yakabaki kwenye daftari la mahudhurio yanangojea mtu wa kuyaitikia. Mzazi anaongea na mwalimu mkuu, mtoto aliyefeli anahamishiwa pale, anaambiwa kuanzia leo wewe ni Fulani binti Fulani. Anasoma, anafanya mtihani, anafaulu kwa jina hilo, na anakwenda nalo maisha yake yote. Hakuna aliyeona ni wizi. Mtoro ameacha shule, jina analitakia nini? Mtaa mzima ulikuwa unajua na mtaa mzima ulikuwa umenyamaza, maana karibu kila nyumba ilikuwa na wake.

Mwaka elfu mbili na nne Mwalimu Skolastika alikuwa na msichana darasani anaitwa Marcelina Gasper. Mkali wa hesabu sijapata kuona. Baba yake, fundi wa kuchonga mitumbwi, alikuwa amekwisha kufa. Januari mama yake naye akafariki, na Marcelina akaondoka kwenda Simbo kulea wadogo zake wawili. Februari hakuonekana. Machi hakuonekana. Mwalimu mkuu, Mzee Mwinshehe, akamwita Skolastika ofisini, akafunga mlango, akasema, "Mwalimu, kuna jina hapa la mtoro. Binti yako si yupo nyumbani tu?"

Skolastika hakuomba hata siku moja ya kufikiria. Jumatatu iliyofuata Evaline aliingia darasani kwa mama yake na sare mpya, akakaa dawati la tatu, dawati la Marcelina. Lilipoitwa jina la Marcelina Gasper akaitikia, "Nipo." Watoto wengine wakacheka siku mbili, ya tatu wakazoea.

Kama mambo yangeishia hapo, mwalimu angeweza kujisamehe. Alikuwa mama, na jina lilikuwa halina mtu. Lakini Juni mtu mwenyewe alirudi. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Kasulu kuwachukua wale wadogo, na siku hiyo hiyo Marcelina alifua sare yake, akaianika juu ya jiwe, na alfajiri akatoka Simbo kwa miguu hadi Ujiji. Alifika wakati mwalimu anaita mahudhurio, yuko kwenye herufi L. Mwalimu akamwona mlangoni, vumbi hadi magotini, anatabasamu. Akalifunga daftari. Akatoka nje haraka, akamshika bega, akamvuta hadi nyuma ya vyoo ambako hakuna atakayesikia.

"Umechelewa, mwanangu," akamwambia. "Watoro wamefutwa. Jina lako halipo tena."

"Mwalimu, nilikuwa na msiba."

"Najua. Pole. Lakini limefutwa. Rudi nyumbani."

Mtoto hakubisha. Zama hizo nani alimbishia mwalimu? Alisema asante mwalimu, akageuka, akarudi Simbo kwa miguu na sare yake safi. Mwalimu akaingia darasani, akafungua daftari, akaendelea na herufi M.

Evaline alifaulu. Akaenda sekondari, akaenda chuo cha uuguzi, akaajiriwa katika hospitali moja ya wilaya kule juu kwenye baridi. Nyumbani ni Eva, kazini ni Sista Marcelina Gasper. Siku ya mahafali ya chuo Eliakimu alivaa suti ya kuazima. Lilipoitwa jina la Marcelina Gasper hakusimama wala hakupiga makofi; alikaa anangoja binti yake aitwe, mpaka mkewe akamgusa kiwiko: ndiye huyo, baba Eva, amekwisha kupita. Na yule mzee alipofariki, mwaka elfu mbili na kumi na tano, Evaline aliomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake akaambiwa kwamba kwenye faili lake baba mzazi anaitwa Gasper, tena ni marehemu wa siku nyingi. Huyu Eliakimu ni nani? Ikabidi aandike kwamba ni baba mdogo, akapewa siku mbili. Alifika kaburi limekwisha kufukiwa. Mwalimu Skolastika aliyaona hayo yote akasema moyoni, hii ndiyo adhabu yangu, nimekwisha kuilipa. Kumbe wapi!

Miaka miwili baadaye ukaja ule uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watu kwa maelfu waliondolewa kazini, na waliotumia majina ya wengine walikuwemo. Mwezi mzima mwalimu hakula akashiba. Jina analotumia Evaline halikutokea kwenye orodha ya walioondolewa. Cheti kilikuwa cha kweli, mtihani aliufanya kweli, na mwenye jina hakujitokeza.

Sasa mwenye jina alikuwa barazani, anaokota mchele.

"Mwalimu, nimekuja unisaidie," alisema Marcelina, amekaa mkao wa mwanafunzi, mikono mapajani. Akaeleza. Aliolewa kusini mwa ziwa, mume alikufa maji, akarudi Ujiji na watoto watatu, anauza dagaa. Mwaka elfu mbili na ishirini na moja alisikia redioni kwamba walioacha shule wanaruhusiwa kurudi. "Nikasema, basi na mimi! Nikaenda na ndoo yangu hivi hivi. Wakacheka, wakasema mama, wewe ni mtu mzima, nenda darasa la jioni. Nikaenda. Miaka miwili na nusu sasa, mwalimu, sijakosa hata siku ya mvua. Mwalimu Rodgers anayetufundisha anasema nikifanya mtihani wa maarifa mwaka huu nitapita, halafu kidato cha nne. Nataka kusomea ualimu wa chekechea. Wewe ndiye uliyenitia hamu, ujue."

Mwalimu akausogeza ungo kando. "Shida iko wapi, sasa?"

"Kompyuta imekosea." Marcelina akacheka tena, cheko la mtu anayejua kosa dogo litarekebishwa. "Rodgers kaingiza jina langu, linasema nimekwisha kumaliza kidato cha nne tangu elfu mbili na nane! Mimi! Nikamwambia andika, Rodgers akasema hapana, aliyekwisha kumaliza hasajiliwi. Labda mwalimu wa darasa wa mwaka ule aandike barua kwa ofisi ya elimu, aape, kwamba mimi sikufanya ule mtihani wa darasa la saba, na aseme nani aliufanya. Nikaruka! Nikamwambia mwalimu wangu yupo hai, yupo Kasingirima, ananijua. Dirisha la usajili linafungwa Jumatano ijayo. Utaniandikia, mwalimu?"

"Njoo Jumamosi," akasema Mwalimu Skolastika.

Alipobaki peke yake alimpigia simu binti yake. Akamweleza yote. Upande wa pili mwalimu alisikia watoto wa wodini wanalia.

"Mama, mimi hili jina sikuliomba," Evaline akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Uliniambia nikiitwa niitikie, nikaitikia. Sasa nimeolewa nalo. Wanangu vyeti vyao vya kuzaliwa vinasema mama yao ni Marcelina Gasper. Ukienda kuapa, kazi sina, na huenda nikasimama mahakamani. Halafu nitakuwa nani, mama? Evaline hana hata cheti cha darasa la saba."

"Na yule mwenzako je?"

"Yeye amekaa miaka ishirini bila cheti, mbona hajafa!" Kisha akaanza kulia. "Sikukusudia kusema hivyo. Lakini usiende, mama. Nakuomba. Usiende."

Jumamosi Marcelina alikuja na zawadi, dagaa wakavu wa kukaanga, wamefungwa vizuri kwenye gazeti. Mwalimu hakuwagusa. Alimkaribisha ndani, akafunga mlango, na akamwambia ukweli wote, kuanzia ofisi ya Mzee Mwinshehe mpaka siku ya sare iliyofuliwa. Aliongea akitazama sakafu.

"Siku ile uliponipeleka nyuma ya vyoo," Marcelina akasema. "Alikuwamo ndani?"

"Alikuwamo."

"Kwenye dawati langu?"

"Kwenye dawati lako."

"Mawe!" Neno la Kiha lilimtoka, la mtu anayemwita mama yake aliyekwisha kufa. Akafunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti. Miaka ishirini alikuwa anajilaumu yeye mwenyewe, akijiambia angewahi wiki mbili tu, angewahi wiki moja.

Hapo ndipo Mwalimu Skolastika alipofanya jambo ambalo mpaka leo ukilifikiria unashindwa ucheke au ulie. Aliingia chumbani akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa na kadi ya ubatizo, safi kabisa. Akaviweka mezani mbele ya Marcelina.

"Evaline Eliakimu," akasema kwa pumzi moja, kama mtu aliyepata dawa. "Jina hili liko huru, mwanangu. Darasa la saba lilifanya mwaka elfu mbili na tatu, kidato cha nne halijafanya. Halijatumika tena popote. Umri mmepishana mwaka mmoja tu. Lichukue. Rodgers atakusajili Jumatatu, hakuna atakayeuliza. Na huyu Eva anabaki kazini kwake. Hakuna anayeumia."

Tazama mtu! Ugonjwa ule ule, na dawa ile ile. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Miaka arobaini na mitatu jina kwake lilikuwa mstari kwenye daftari, ukifutika huku unauandika kule.

Marcelina alikichukua kile cheti akakisoma polepole, midomo ikitikisika. Akakirudisha mezani.

"Baba yangu alikuwa Gasper," akasema. "Hakujua kuandika. Alipomaliza mtumbwi, mimi ndiye niliyemwandikia jina lake ubavuni, kwa mkaa, halafu yeye anapitisha tindo juu yake. Nataka cheti chenye jina lile. Mwalimu, nikifaulu kwa hili lako, nitakuwa nimemfaulisha nani?"

"Mwanangu..."

"Mimi sitamshtaki binti yako. Nina watoto, najua. Hata nikienda, nani atamsikiliza muuza dagaa? Lakini wewe ni mwalimu. Ukiandika wewe, watasoma. Jumatano nitakaa pale kwa Rodgers tangu asubuhi mpaka saa kumi. Nitakungoja." Akasimama, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mwalimu Skolastika aliandika ile barua. Hilo lazima lisemwe. Aliiandika mara tatu, kwa mwandiko wake ule mzuri wa ubaoni, na jina la Evaline Eliakimu aliliandika lote, bila kifupisho. Alizima simu ili asisikie ikilia. Jumatano akavaa gauni lake la kanisani, akapanda bajaji hadi mjini, hadi ofisi ya elimu, akakaa kwenye benchi na wengine, barua mkobani. Moyo ulikuwa umetulia kabisa. Alijisemea, leo nautua huu mzigo.

Zamu yake ilipofika, kijana aliyekuwa nyuma ya meza aliinuka mbio. "Mwalimu Skolastika! Shikamoo! Jamani, huyu mama ndiye aliyenifundisha a-e-i-o-u!" Akawaita wenzake waje wamsalimie. Wakaja, wakamwamkia mmoja mmoja, mmoja akampa kiti chenye mto. Kijana akavuta daftari, macho yanang'aa. "Haya, mama yetu, nikusaidie nini?"

Mkono wa mwalimu ulikuwa ndani ya mkoba, umeishika barua. Akilini akamwona Evaline kwenye kizimba, na sare nyeupe. Akawaona wajukuu. Akawaona na hawa vijana hapa, namna ambavyo watamtazama baada ya kusoma mstari wa tatu. Sitaki kumdhulumu, pengine sababu ilikuwa binti yake tu. Lakini yeye mwenyewe anajua, na analisema sasa, kwamba kile kiti chenye mto nacho kilichangia.

"Nimekuja kuulizia pensheni yangu," akasema. "Naona kama kuna mapunjo."

Wakamhudumia saa nzima, kwa heshima zote. Walipiga simu huku na huku, wakamnunulia na soda. Alitoka saa tisa na nusu. Angeweza bado kurudi mlangoni. Alisimama uani pale, jua linamchoma, anaitazama saa ya mkononi aliyopewa siku ya kustaafu, mpaka ikafika saa kumi na dakika tano. Ndipo akaita bajaji.

Marcelina alingoja kwenye kituo cha darasa la jioni tangu asubuhi, kama alivyosema. Rodgers alisimulia baadaye kwamba saa kumi ilipopita Marcelina alimwomba amwachie dakika chache zaidi, huenda mwalimu amekosa usafiri, ni mtu mzima yule. Rodgers akangoja mpaka saa kumi na moja, na mfumo ulikuwa umekwisha kufungwa. Marcelina hakurudi tena darasani. Daftari zake alimpa mwenzake.

Kwa wiki tano Mwalimu Skolastika hakutoka nje ila kwenda kanisani. Alimtuma binti wa jirani kununua mboga, akasingizia miguu. Lakini Pasaka ilikaribia, Evaline anakuja na watoto, na mtu huwezi kumtuma mtoto wa watu manunuzi ya sikukuu. Asubuhi ya Ijumaa Kuu akachukua kikapu akaenda soko la Ujiji. Alipita mchele, akapita mawese, kila mtu anamwamkia mwalimu, mwalimu, na wanawake wa rika lake wanamwita Mama Eva kama walivyomwita miaka yote. Upande wa samaki alitaka kupita haraka.

Marcelina alikuwa nyuma ya meza yake, anampimia mteja. Alimwona. Akaliweka kopo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akatoka mbele ya meza ili asimwamkie mkubwa kwa mbali, na akakunja magoti sawasawa, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, Mama Marcelina."

Bi Yasmini, muuza migebuka wa meza ya pili, akacheka. "We naye! Huyu si Mama Eva? Umemfananisha."

"Ni Mama Marcelina," akasema yule mwanamke, taratibu, bila ukali wowote. "Ana binti yake muuguzi. Anaitwa Marcelina Gasper. Muulize mwenyewe."

Bi Yasmini akageuka kumtazama mwalimu, bado anacheka, anangoja akanushe. Wa meza ya tatu naye akageuka. Mstari mzima wa samaki ukaacha kupima, na Marcelina alikuwa bado amekunja magoti, kichwa chini, salamu yake haijajibiwa.

Mwalimu Skolastika alishika kikapu kwa mikono miwili.

"Marahaba," akasema.

Marcelina akainuka, akarudi nyuma ya meza, akaendelea kumpimia mteja wake.